Kifungua Mimba, Kitinda Mimba na Maradhi ya Akili

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Moshi)



Kwa desturi ya Wachagga, mwana wa kwanza ana heshima yake, na wa mwisho hubaki nyumbani akarithi kihamba cha wazazi. Wa katikati hutoka kujitafutia. Kwa hiyo si ajabu kwamba maradhi yakiingia nyumbani, neno la kwanza huwa: "Ni wa ngapi?"

Ndugu yangu, kitinda mimba wetu, alishikwa na skizofrenia alipokuwa na miaka 20. Alisikia sauti zisizosikiwa na mtu mwingine, akawaogopa hata majirani. Wazee walisema mama alimdekeza. Wengine walisema anaonewa wivu kwa ajili ya kihamba. Miaka miwili ilipita katika maneno hayo, nami, kifungua mimba, nilinyamaza. Kisha wengine wakataka anyang'anywe urithi wake.

Wataalamu nao waliuliza swali lile lile. Wengine waliona wagonjwa wengi ni wa mwisho, wengine ni wa kwanza. Mwaka 1972 Mmarekani Carmi Schooler alizipitia kazi za namna hiyo, akaonyesha kwamba tofauti nyingi zaweza kutokana na kupanda na kushuka kwa uzazi katika nchi, wala si nafasi ya mtoto.

Sisi makarani twaifahamu hesabu. Nyumba ya watoto sita ina wa kwanza mmoja, wa mwisho mmoja, na wa katikati wanne. Basi wodini wa katikati watazidi, ijapokuwa maradhi hayachagui. Tena ugonjwa huu huanza zaidi kati ya ujana na miaka 30. Ukihesabu leo, mkubwa amekwisha fika umri huo, mdogo angali shuleni.

Lililo dhahiri zaidi ni damu. Katika watu 100, huugua mmoja hivi maishani. Katika ndugu wa mgonjwa, karibu 10. Hatari hiyo ni ya ndugu wote, mkubwa kwa mdogo.

Dawa ya kwanza ya kuutuliza ugonjwa huu ilijulikana Ufaransa mwaka 1952. Ndugu yangu alipelekwa hospitali, akatibiwa. Leo apalilia migomba katika kihamba ambacho ni chake.

Basi, ndugu zangu, tusiulize tena, "Ni wa ngapi?" Yatupasa kuuliza, "Ameanza lini, na daktari amemwona?"