Mjumbe Apewe Ufunguo Wake



Leo tuzungumzie kuunganisha PHP na data ya tovuti zetu za WordPress kwenye Linux.

WordPress, iliyoanza mwaka 2003, huweka makala katika ghala la data, MySQL au MariaDB. PHP ndiye mjumbe: hubisha hodi, huuliza, huleta jibu. Ili afunguliwe hutaja mambo manne: mashine, ghala, mtumiaji na neno la siri. Yote yamo katika faili ya wp-config.php.

Sasa, pengine ghala hilo hilo lina majina ya wagonjwa na yatima tunaowahudumia. Basi tushike mambo matatu.

Kwanza, programu ya kusoma matangazo tu isipewe ufunguo mkuu. Tuifungulie mtumiaji wake, mwenye ruhusa ya SELECT peke yake, tena kwa majedwali inayoyahitaji tu.

Pili, faili yenye neno la siri ifungwe kwa chmod 640: mwenyewe aandike, kundi la seva lisome, wengine wakose.

Tatu, tutumie PDO au mysqli. Ile mysql_connect ya zamani iliondolewa katika PHP 7, mwaka 2015. Na maneno ya mgeni yapitie prepare, yasichanganywe na swali lenyewe, maana mwizi huandika amri mahali pa jina.

Ndugu zetu, tovuti ikiharibika tutaijenga tena. Siri ya mgonjwa ikitoka hairudi.