Karani Asihukumiwe kwa Kazi Asiyofundishwa

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama wanaofanya kazi katika ofisi za shule)

Nataka kusema juu ya jambo moja tu, nalo ni mafunzo ya programu za kompyuta zinazoshika kazi za ofisi za shule. Wengi mwasema hilo ni shauri la Mwalimu Mkuu na mfanya biashara anayeuza programu. Mimi nasema ni shauri la chama, kama mshahara na likizo.

Nianze na jambo nililoliona kwa macho yangu. Shule moja niliyofanya kazi ilinunua programu ya kuandikia wanafunzi na karo. Mwalimu wa programu alikuja Ijumaa moja mchana, akatuonyesha picha ukutani kwa saa mbili, akanywa chai, akaenda zake. Aliyeshika somo hata akaweza kazi alikuwa karani mmoja tu, dada yetu. Alipokwenda likizo alipigiwa simu atoe neno lake la siri. Akalitoa, angefanyaje? Basari akaingia kwa neno lile, naibu akaingia, hata mtunza stoo akaingia. Mwisho wa muhula ikaonekana majina ya wanafunzi 11 yamefutwa. Kompyuta ilipoulizwa ni nani aliyeyafuta, ilitoa jina moja: la dada yetu. Akaandikiwa barua ya kutakiwa kujieleza kwa nini asifukuzwe.

Ndugu zangu, pimeni uzito wa jambo hili. Tangu mtambo wa Serikali wa NEMIS ulipoanza mwaka 2017, fedha za Serikali zilifuata majina yaliyomo katika mtambo. Mtoto asiyeandikwa humo hakuhesabiwa, hata kama yu darasani kila siku. Kiwango kilichotangazwa mwaka 2018 kwa mwanafunzi wa sekondari ya kutwa kilikuwa shilingi 22,244 kwa mwaka. Zidisheni mara 11: ni shilingi 244,684. Tena katika fedha hizo limo fungu la mishahara ya wafanya kazi wasio walimu. Kwa hiyo jina likipotea, mtoto hupoteza, shule hupoteza, na sisi tulioajiriwa na Bodi hungojea mshahara.

Dada yetu aliokolewa na karatasi ya likizo yake. Chama kiliiweka mezani, tarehe zikalinganishwa, na barua ikaondolewa. Lakini je, kama angekuwa kazini siku ile?

Basi kosa lilikuwa la nani? Mimi sisemi lilikuwa la basari wala la kijana wa stoo. Walitaka kufanya kazi yao, na hakuna aliyewafundisha. Kosa lilikuwa katika mpango. Mafunzo yalifikiriwa kuwa ni siku moja ya chai, kumbe ni kazi yenye hatua zake. Na sasa jambo hili limerudi tena mlangoni, maana mwaka 2025 Wizara ilitangaza mtambo mwingine, KEMIS, wa kushika mahali pa NEMIS. Nazo shule zaendelea kununua programu zao wenyewe za karo, stoo na alama za mitihani. Kwa hiyo yafaa tujue mpango mzuri wa mafunzo ukoje, tupate kuudai.

Kwanza, zihesabiwe kazi kabla ya kuhesabiwa watu. Nani hupokea karo? Nani huandika mwanafunzi mpya? Nani hutoa unga stoo? Kila mtu afundishwe kazi yake mwenyewe, tena afundishwe na kazi moja ya jirani yake, ili mmoja akiugua au akienda likizo ofisi isisimame. Kumfundisha mtunza stoo mambo yote ya karo ni kumpotezea siku. Kutomfundisha ya stoo ni kumtia hatarini.

Pili, wakati. Msikubali mafunzo juma la kufungua shule, wazazi wamejaa mlangoni na risiti zinangojewa. Wala si wakati wa mitihani ya taifa. Katikati ya muhula, au shule ikifungwa, ndio wakati wake. Na yawe ndani ya saa za kazi. Kama ni siku ya mapumziko, ilipwe au irudishwe siku nyingine. Kujifunza kwa ajili ya kazi ya mwajiri ni kazi.

Tatu, watu wajaribu kwa mikono yao. Kutazama picha ukutani si kujifunza. Iwepo shule ya mfano ndani ya kompyuta, yenye wanafunzi wa uongo na karo za uongo, mahali ambapo mtu aweza kukosea mara kumi bila kumdhuru mtoto. Habari za watoto wa kweli si za kuchezea. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yawalinda.

Nne, kila mtu awe na neno lake la siri, tangu siku ya kwanza. Hapa nasema na ninyi wanachama, si na Mwalimu Mkuu. Neno la siri ni kama sahihi yako katika daftari ya fedha. Ungempa mwenzako sahihi yako aende nayo benki? Basi neno hili nalo usimpe mtu, hata aliye mkubwa wako. Mwambie kwa adabu kwamba afunguliwe lake. Na mpango wa mafunzo usiofundisha jambo hili haujafundisha kitu.

Tano, daftari ya zamani isitupwe mara moja. Kwa muhula mmoja zote mbili zitembee pamoja, na kila Ijumaa jumla zilinganishwe. Hiyo ni kazi mara mbili, nakubali, kwa hiyo lazima saa zake zihesabiwe. Na fomu za karatasi zibaki siku zote, kwa ajili ya siku ambayo stima imekatika au mtandao umelala.

Sita, achaguliwe mmoja wetu abaki kuwa mwalimu wa nyumbani. Muuza programu huondoka; matatizo huja juma la tatu. Mwenzetu huyo apewe saa za kusaidia wengine, na zihesabiwe katika kazi yake, zisiwe mzigo juu ya mzigo.

Mtaniuliza: na wazee wetu je, walioshika kalamu miaka 20 na zaidi? Wengine wameanza kunong'onezwa kwamba wakati wao umekwisha. Nasema hivi: mzee ajuaye daftari ya karo ajua makosa yote ambayo kompyuta haiyajui. Apewe muda wa kutosha. Na kama mwajiri asema kazi imekwisha, Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 40, yamtaka atoe notisi ya mwezi mmoja au zaidi kwa chama na kwa afisa wa kazi, tena alipe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Hafukuzwi mtu kwa mnong'ono.

Lakini haki ina wajibu wake. Yuko mwenzetu anayejificha nyuma ya rafu mafunzo yakianza, kwa haya ya kuonekana hajui. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Afadhali kuona haya mchana mmoja kuliko kupata barua mwisho wa muhula.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia. Naomba kila mwanachama aandike katika karatasi moja kazi zote azifanyazo kwa juma. Wajumbe wa shule wazikusanye, tuzipeleke kwa Bodi pamoja na mambo haya sita, kabla programu haijanunuliwa. Na tuombe jibu kwa maandishi. Dada yetu aliokolewa na karatasi aliyokuwa ameiweka. Na sisi tuweke zetu mapema.