FAIDA YA HESABU KWA MKULIMA NA MCHUUZI

Maneno ya hotuba kwa watu wa Olenguruone



Olenguruone ni nchi ya baridi na mvua, karibu na msitu wa Mau, na ardhi yake hutoa viazi, chai na maziwa. Wakati wa mavuno malori hupanda kwa njia ya Molo na Keringet kuja kutafuta viazi, kisha hushuka navyo kwenda Nakuru na Nairobi. Lori linaposimama kando ya shamba, kazi ya miezi mitatu au minne huamuliwa kwa dakika chache. Mnunuzi hutaja bei, mwenye shamba hufikiri kidogo, fedha hutolewa, na lori huondoka. Katika dakika hizo chache ndipo anayejua hesabu na asiyejua wanapoachana njia.

Wako watu wasemao kwamba hesabu ni kazi ya watoto wa shule na makarani. Maneno hayo si ya kweli. Mfugaji wa zamani aliyetazama ng'ombe wake wakiingia bomani jioni alijua mara moja kama mmoja amepungua, ingawa hakupata kushika kalamu. Huko pwani watu walipima nafaka kwa kibaba na pishi, na kila mtu sokoni alijua kuwa vibaba vinne ni pishi moja. Basi hesabu si jambo geni kwa Mwafrika. Lililozidi siku hizi ni kilo, senti na asilimia. Na kazi za kujifunza bado ni zile zile nne, yaani kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Bei zitakazotajwa hapa si bei za soko, ila zimechaguliwa kwa ajili ya mafunzo tu.

GUNIA NA KILO

Jambo la kwanza ni kujua kinachouzwa. Neno "gunia" si kipimo. Gunia laweza kufungwa mdomo likiwa limejaa, na laweza pia kuongezwa kichwa kwa wavu na kamba hata likawa refu kama mtu. Tanzania gunia la namna hiyo huitwa lumbesa, na huko limekatazwa. Kenya nayo ilitoa kanuni za viazi mwaka 2019, zilizoweka kikomo cha kilo 50 kwa kila gunia. Lakini kanuni peke yake haimlindi mtu asiyeweza kugawanya.

Chukua mfano huu. Mnunuzi mmoja anatoa Sh. 2,500 kwa gunia la kilo 50. Mwingine anakuja akisema, "Mzee, mimi nakupa Sh. 3,600 kwa gunia," ila gunia lake limeongezwa kichwa, na likiwekwa juu ya mizani lina kilo 90. Asiyejua hesabu humkimbilia huyu wa pili, kwa kuwa 3,600 ni nyingi kuliko 2,500. Mwenye kujua hugawanya kwanza. Sh. 2,500 kwa kilo 50 ni Sh. 50 kwa kilo. Sh. 3,600 kwa kilo 90 ni Sh. 40 kwa kilo. Kilo 90 kwa bei ya mnunuzi wa kwanza zingeleta Sh. 4,500. Basi kwa kila gunia mwenye shamba amepoteza Sh. 900, na kwa magunia 20 amepoteza Sh. 18,000, naye anarudi nyumbani akifurahi kwamba amepata bei nzuri. Hakuna aliyemwibia usiku. Alitoa mali yake mchana, kwa mikono yake mwenyewe.

GHARAMA YA SHAMBA

Jambo la pili ni kujua mali imemgharimu mtu kiasi gani kabla haijafika sokoni. Wengi huzihesabu fedha walizopokea na kuziita faida. Fedha zilizopokewa ni mapato tu. Faida ni kile kinachobaki baada ya kutoa gharama zote.

Mkulima mwenye ekari moja ya viazi ameandika hivi: mbegu Sh. 32,000, mbolea Sh. 12,000, dawa ya ukungu Sh. 8,000, vibarua Sh. 14,000, magunia na uchukuzi Sh. 4,000. Akijumlisha anapata Sh. 70,000. Amevuna magunia 60 ya kilo 50, yaani kilo 3,000. Akigawanya 70,000 kwa 3,000 anaona kwamba kila kilo imemgharimu Sh. 23 na senti 33, na kila gunia karibu Sh. 1,167.

Sasa mkulima huyu anayo silaha. Akiuza gunia kwa Sh. 1,500 atapata Sh. 90,000, na faida yake ni Sh. 20,000. Akiuza kwa Sh. 1,100 atapata Sh. 66,000, na hapo amepata hasara ya Sh. 4,000, ingawa mfukoni ana fedha nyingi. Pengine atalazimika kuuza kwa hasara kwa sababu viazi huoza upesi. Lakini atauza akijua, na msimu ujao atatafuta mahali pa kupunguza gharama.

Yampasa pia akumbuke vitu viwili ambavyo husahauliwa mara nyingi. Cha kwanza ni kazi ya watu wa nyumbani mwake, ambayo haikulipwa mshahara lakini ni kazi. Cha pili ni viazi vilivyoliwa nyumbani na vile vilivyowekwa kuwa mbegu. Hivyo navyo ni mapato, japo havikuuzwa.

MAZIWA NA CHAI

Mwenye kuuza maziwa au majani ya chai hapokei fedha zake papo hapo. Hulipwa baadaye kwa jumla. Kwa hiyo hana budi kuwa na hesabu yake mwenyewe. Mama apelekaye lita 8 kila siku, kwa siku 30, amepeleka lita 240. Kama karatasi ya malipo yasema lita 228, lita 12 zimepotea. Kwa bei ya Sh. 45 kwa lita, hizo ni Sh. 540, na mambo yakiendelea hivyo mwaka mzima ni Sh. 6,480. Huenda karani alikosea tu bila nia mbaya. Lakini mama aliyeandika kila siku anaweza kwenda kwake kwa heshima na kumwonyesha daftari. Asiyeandika ana manung'uniko tu, na manung'uniko hayalipwi. Mchuma chai vile vile na aziweke stakabadhi zake zote, kisha mwisho wa mwezi azijumlishe.

MKOPO NA RIBA

Hapa ndipo watu wengi huangamia. Asilimia maana yake ni sehemu katika kila mia. Asilimia 10 ya Sh. 10,000 ni Sh. 1,000. Mtu akiambiwa riba ni asilimia 10, na mwingine akiambiwa ni asilimia 12, huenda akadhani ile ya kwanza ni nafuu. Lakini swali la kuuliza ni hili: kwa mwezi, au kwa mwaka?

Aliyekopa Sh. 10,000 kwa riba ya asilimia 10 kila mwezi atalipa riba ya Sh. 6,000 kwa miezi sita. Aliyekopa kiasi hicho hicho kwa asilimia 12 kwa mwaka atalipa riba ya Sh. 600 kwa miezi hiyo sita. Tofauti ni mara kumi. Wapo waliouza ng'ombe, na wapo waliokodisha shamba, kwa sababu ya kutouliza neno hilo moja.

MASHINE HAIFIKIRI

Watu watasema kwamba simu ya mkononi inajua kuhesabu. Ni kweli, na tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, simu imekuwa mfuko wa fedha pia. Lakini mashine hufuata vidole vya mwenye kuibonyeza. Kidole kikikosea, nayo hukosea bila aibu. Kwa hiyo mtu mwenye busara hukisia kwanza. Kilo 38 kwa Sh. 52 ni karibu na kilo 40 kwa Sh. 50, yaani karibu Sh. 2,000. Jibu kamili ni Sh. 1,976. Simu ikionyesha 19,760, mara moja atajua kwamba kuna kosa.

DAFTARI

Mwisho, hesabu ya kichwani huruka kama ndege. Daftari moja la shule latosha kwa mwaka mzima. Kila ukurasa ugawanywe kwa mstari: upande mmoja mapato, upande wa pili matumizi, na kila neno liandikwe pamoja na tarehe yake. Mchuuzi wa dukani naye aandike madeni ya wateja siku ile ile, na mdeni alione deni lake likiandikwa, ili pasiwe na ugomvi baadaye. Fedha za duka zisichanganywe na fedha za nyumbani. Mwenye duka akichukua sukari rafuni, na aiandike kama mteja mwingine.

Asiyejua kuandika asione haya. Kenya iliunda Bodi ya Elimu ya Watu Wazima mwaka 1966, na mwaka 1979 ikaanzishwa kampeni kubwa ya kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Wazee na akina mama wengi walianza wakiwa na mvi, nao wakaweza. Tangu mwaka 2003 watoto wameingia shule za msingi za serikali bila kulipa karo. Kwa hiyo katika nyumba nyingi yuko mtoto awezaye kushika kalamu jioni baba na mama wakimtajia hesabu ya siku. Kwa njia hiyo mtoto hujifunza biashara, na mzazi hujifunza tarakimu.

Waswahili husema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Mvua na baridi ya Olenguruone haziwezi kuzuiwa na mtu, wala bei ya soko la Nairobi. Lakini lori litakaposimama tena kando ya shamba, mwenye mali na awe amekwisha kugawanya kabla mnunuzi hajafungua mdomo.