Amana ya Mtoto Mchanga

Ndugu zetu Waislamu, huko Marekani mwaka 2022, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai na akina mama weusi, takriban 11 walifariki kabla ya kutimiza mwaka. Kwa akina mama weupe hawakufika 5. Mola hakuumba rangi iwe hukumu ya mauti. Mwaka 1991 serikali yao ilianza kutoa ruzuku, kwa mpango uitwao Healthy Start, ili wenyeji wa mitaa iliyofiwa zaidi wamtembelee mja mzito, wamfikishe kliniki, na wamwangalie mtoto akishazaliwa. Fedha hizo ni amana: zikichelewa au zikiliwa, anayelipa ni asiyejua kusema. Nasi tujiulize: jirani yetu mja mzito, nani kati yetu amempigia hodi juma hili? Wabillahi tawfiq.