Atomu katika Maji ya Kisima
Hotuba kwa wanafunzi wa kemia wa Kitui na Makueni



Kila mkaaji wa Kitui na Makueni aijua taabu ya maji. Mto Athi hupita kati ya kaunti hizi mbili, lakini vijito vingi hukauka wakati wa kiangazi, na watu hawana budi kufukua mchanga au kwenda kwenye kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine. Maji ya visima vingi vya namna hiyo yana chumvi. Mama huyachuja kwa kitambaa, huyachemsha, na chumvi ingali pale pale. Je, kwa nini moto uuao vijidudu usiiondoe chumvi? Jibu limo katika umbo la atomu.

Atomu ni chembe ndogo kabisa ya elementi iliyo bado na tabia ya elementi hiyo. Zamani wataalamu walidhani kuwa haigawanyiki. Mwaka 1897 J. J. Thomson wa Cambridge aligundua elektroni. Mwaka 1911 Ernest Rutherford, mzaliwa wa New Zealand aliyefanya kazi Manchester, alionyesha kwamba katikati ya atomu kuna kiini. Mwaka 1932 James Chadwick aligundua neutroni.

Basi, ndani ya kiini mna protoni, zenye umeme chanya, na neutroni, zisizo na umeme. Nje ya kiini mna elektroni, zenye umeme hasi. Protoni moja ina uzito wa elektroni 1,836 hivi. Lakini kiini ni kidogo mno: kama kingekuwa punje ya ndengu katikati ya uwanja wa mpira, atomu nzima ingeenea karibu uwanja wote. Hesabu ya protoni ndiyo itambulishayo elementi. Haidrojeni ina 1, oksijeni 8, florini 9, sodiamu 11, na klorini 17.

Elektroni hukaa kwa matabaka: la kwanza huchukua 2, na la pili 8. Sodiamu ina 2, 8, na 1 peke yake nje. Klorini ina 2, 8, na 7. Zikutanapo, sodiamu hutoa ile moja, na klorini huipokea. Atomu iliyotoa au kupokea elektroni huitwa ioni. Ioni hizo mbili zikishikamana ndizo chumvi ya mezani; zikiingia majini hutengana, wala hazionekani kwa macho.

Sasa yafahamika kwa nini kuchemsha hakusaidii. Kijidudu ni kiumbe hai, nacho hufa kwa joto. Ioni haina uhai wa kupotea, na ni ndogo kiasi cha kupita kwenye kitambaa chochote. Maji yanapotoka kuwa mvuke, ioni hubaki chunguni. Kwa hiyo maji yaliyosalia huzidi kuwa na chumvi.

Chumvi hujulikana kwa ulimi. Ioni ya florini haijulikani hivyo. Florini ina elektroni 7 katika tabaka la nje, nayo hupokea moja kama klorini. Hutoka katika miamba na kuingia katika maji ya visima virefu mahali pengi nchini Kenya, na baadhi ya visima vya Makueni vimo. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita moja. Mtoto anayekunywa maji yanayopita mpaka huo meno yake yakiwa bado yanajengeka, humea meno yenye madoa ya hudhurungi yasiyotoka kwa mswaki. Kiasi kikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa nayo huharibika.

Kuchemsha kusiachwe, kwa kuwa vijidudu ni adui wa kweli. Lakini kisima kipya kikichimbwa, maji yake yapelekwe kupimwa kabla ya watoto kuyazoea. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi hayana chumvi za miamba, na yale ya mabwawa ya mchanga mara nyingi huwa matamu. Mwanafunzi aliyejifunza habari za elektroni darasani ana neno la kuwaambia wazee wanaposhauriana juu ya kisima. Asikae nalo kimya.