RSI na sanduku yetu



Siku hizi vijana wetu wamoja wanatuonyesha kwenye telefone michoro ya bei: ya zahabu, ya dola, ya Bitcoin. Chini ya mchoro kuko mstari unaopanda na kushuka, jina lake RSI. Wanatuambia: ukishuka chini ya 30, tununue, ukipita 70, tuuzishe, feza ya sanduku itaongezeka. Mbele ya kujibu ndiyo ao hapana, tuelewe kwanza mstari huo unapima nini.

Aliyeutunga ni Mwamerika J. Welles Wilder, injinia wa mashine, katika kitabu chake cha mwaka 1978. Hesabu yake haina uchawi. Tuchukue bei ya kilo moja ya maharagi kwa siku 14. Siku bei inapanda, tunaandika imepanda franka ngapi. Siku inashuka, tunaandika vilevile. Tuseme kupanda kote pamoja ni franka 600, na kushuka kote franka 200. Jumla ni 800. Ile 600 ni sehemu gani ya 800? Ni 75 kwa 100. Basi RSI njo hiyo: 75. Kila mara inakaa kati ya 0 na 100.

Sasa tuangalie muzuri. Kama bei inapanda franka moja tu kila siku, siku zote 14, bila kushuka hata mara moja, RSI inafika 100. Kumbe maharagi yameongezeka franka 14 tu! Kwa hiyo kipimo hiki hakisemi kitu ni ghali ao rahisi. Kinasema tu kama, katika siku zilizopita, kupanda kulishinda kushuka, na kwa kiasi gani.

Tena, 70 na 30 ni alama za kuangalia, siyo amri. Bei ikipanda kwa nguvu, RSI inaweza kukaa juu ya 70 siku mingi, na bei ikaendelea kupanda. Vilevile inaweza kukaa chini ya 30 wakati bei inazidi kuanguka. Aliyenunua kwa sababu tu mstari ulifika 30 anaona feza yake ikipungua. Na kama alinunua kwa feza ya kukopa, anguko dogo linaweza kumaliza yote aliyoweka. Mstari unaangalia nyuma. Haujui habari ya kesho.

Na sanduku yetu ni ya nini? Sisi tuliorudi tunajua: ni ya mgonjwa, ya matanga, ya mbegu wakati wa kulima, ya mabati ya nyumba. Mtu anaihitaji siku ambayo hakuichagua. Mgonjwa hawezi kungojea bei ipande.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa mkutano: feza ya sanduku isiingie huko, hata franka moja. Kijana anayetaka kujifunza, ajifunze. Kupiga hesabu ni akili. Aanze kwenye karatasi, bila feza. Akitaka kuendelea, atumie feza yake mwenyewe, ile ambayo hata ikipotea watoto watakula. Na mtu akituahidia faida ya hakika kila juma kwa sababu ya RSI, tumuulize: kipimo cha siku zilizopita kimejuaje kesho?

Sasa maulizo.