Adabu ya Msafiri Mbele ya Chakula cha Baharini

Hotuba ya Kwanza

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeitiisha bahari ikabeba vyombo vya wanaadamu na ikatoa riziki kwa wa karibu na wa mbali. Tunamshukuru, tunamwomba msaada, na tunamtaka msamaha. Tunashuhudia kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke Yake, na tunashuhudia kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja Wake na ni Mtume Wake. Rehema na amani zimshukie yeye, jamaa zake na Masahaba zake wote.

Amma baad. Ndugu zangu Waislamu mliohudhuria, nanyi mnaotusikiliza majumbani, nawausia pamoja na nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu. Na kumcha Mungu si jambo la msikitini tu. Hutufuata safarini, na hutufuata mpaka penye sinia la chakula katika nyumba ya mtu tusiyemjua.

Sisi wakazi wa Kihonda, na wa Morogoro kwa jumla, ni watu wa chini ya mlima. Samaki tuliowazoea ni kambale na perege, dagaa waletwao kutoka maziwani, na papa wa chumvi afikaye sokoni akiwa mkavu kama ubao. Hata hivyo bahari haiko mbali nasi kama tudhanivyo. Maji yateremkayo kutoka milima ya Uluguru huingia mto Ruvu, na Ruvu humwaga baharini karibu na Bagamoyo, penye mikoko ambamo kamba wadogo hukulia. Na tangu treni ya SGR ilipoanza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi wa Juni 2024, safari ambayo kwa barabara ni kilomita zipatazo 190 hukatwa kwa muda usiotimia saa mbili. Vijana wetu huenda Unguja kusoma. Binti zetu huolewa Bagamoyo, Kilwa na Pemba. Aondokaye hapa asubuhi aweza kuketishwa mchana mbele ya wali na pweza wa nazi, au ngisi, au kaa, au chaza, vitu ambavyo mama yake hajapata kuvitia chunguni.

Hapo ndipo wengi wetu hukosea, na makosa yenyewe ni matatu. Wako wanaosema mara moja, "Hiki ni haramu," bila ya kuwa na elimu. Wako wanaokunja uso na kuuliza, "Mdudu gani huyu?" na mwenye nyumba anasikia. Na wako wanaotia kinywani kila wanachopewa au wanachokiokota, ili waonekane mashujaa mbele ya wenzao. Kila moja katika makosa hayo lina jibu lake katika dini yetu.

Tuanze na la kwanza. Mwenyezi Mungu ametubainishia katika Suratul-Maida, aya ya 96, kwamba mawindo ya bahari na chakula chake vimehalalishwa, viwe manufaa kwetu na kwa wasafiri. Tazameni, ndugu zangu, jinsi msafiri alivyotajwa waziwazi katika hukumu hiyo. Na Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na watu waliokuwa wakisafiri baharini na maji matamu machache kama wanaweza kutawadha kwa maji ya bahari, aliwajibu kuwa maji yake yanatoharisha, tena akawaongezea jambo ambalo hawakuliuliza, kwamba mfu wa bahari ni halali. Alijua kuwa mwenye haja ya maji baharini atakuwa na haja ya chakula pia.

Na kisa kilicho karibu mno na maudhui yetu ni kile alichokisimulia Jabir bin Abdillah (R.A.), kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Mtume (S.A.W.) aliwatuma watu 300 kuelekea pwani, na amiri wao alikuwa Abu Ubayda bin Jarrah (R.A.). Chakula kikawaishia, hata kila mtu akawa anapewa tende moja kwa siku. Baadaye wakapukutisha majani ya miti wakayala. Walipofika ufukoni wakamkuta mnyama mkubwa wa baharini mfano wa kilima, aitwaye anbar, ametupwa na mawimbi. Watu wa Madina wa mashamba ya mitende hawakumzoea mnyama huyo. Abu Ubayda akasita kwanza, akihofia kuwa ni mzoga. Kisha akaona kuwa wao wako katika njia ya Mungu na wamefikwa na dhiki, wakala kwa siku nyingi mpaka miili yao ikarudi. Waliporejea Madina wakamweleza Mtume (S.A.W.), naye akawaambia kuwa ile ni riziki Mungu aliyowatolea, tena akataka apewe katika nyama waliyobakisha, akala.

Zingatieni hilo la mwisho. Ingetosha awaambie kwamba hawakukosea. Lakini alikula yeye mwenyewe, wala hakuwa na njaa ya safari kama wao, ili shaka iondoke katika nyoyo zao kabisa.

Kwa hiyo katika madhhebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea katika nchi zetu, pweza, ngisi, kamba, chaza na kome ni katika vyakula vya bahari vilivyo halali. Juu ya kaa pana maneno. Imam Nawawi katika kitabu chake Minhaj amemtaja kaa pamoja na chura miongoni mwa viumbe waishio nchi kavu na majini, ambao hawaliwi. Lakini katika kitabu chake kingine, Majmuu, ameona kwamba lililo sahihi ni kuwa vyote vya baharini ni halali isipokuwa chura. Ikiwa imamu mmoja, bahari ya elimu, ameacha kauli mbili katika jambo hili, vipi kijana aliyetoka jana darasani athubutu kumtangaza mwenyeji wake kuwa ni mla haramu?

Aidha jueni kwamba ndugu zetu wa madhhebu ya Hanafi hawali katika viumbe vya bahari ila samaki, na wengi wao hawamwoni pweza kuwa samaki. Wenzetu Shia Ithnaasheri hula samaki mwenye magamba, na kamba pamoja naye. Mkikutana nao safarini, msiwacheke wala msiwalazimishe. Ayaachaye kwa kufuata imamu wake ana hoja, na ayalaye kwa kufuata imamu wake ana hoja. Asiye na hoja ni yule anayehalalisha na kuharamisha kwa sababu ya sura ya kitu machoni pake, na Mwenyezi Mungu katika Suratun-Nahl, aya ya 116, amewakemea wanaozizoeza ndimi zao kusema hili halali na hili haramu kwa kumzulia Yeye uongo.

Kosa la pili ni kudharau riziki ya watu. Nafsi ya mtu ina mazoea yake, na dini haikumlazimisha mtu kula asichokipenda. Dalili yake ni kisa cha nyumba ya Bibi Maymuna (R.A.), alipoandaliwa Mtume (S.A.W.) nyama ya dhabb, mnyama wa jangwani wa jamii ya mijusi. Alipoambiwa ni nyama ya nini, aliondoa mkono wake. Khalid bin Walid (R.A.) akauliza kama mnyama huyo ni haramu. Mtume akasema sivyo, ila hapatikani katika nchi ya watu wake, kwa hiyo nafsi yake haimtaki. Basi Khalid akaivuta nyama akala, na Mtume anamtazama.

Ndugu zangu, adabu yote ya mgeni imo katika kisa hicho. Asiyekula hakumharamishia mwenziwe, na aliyekula hakumlaumu asiyekula, na mwenye nyumba hakutiwa haya. Na imesimuliwa na Abu Hureira (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) hakukitia kombo chakula hata mara moja: akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha.

Basi wewe utokaye Kihonda, ukitengewa pweza na moyo wako ukakataa, sema, "Ahsanteni sana, jamaa zangu, mimi sijazoea, nitakula wali na mchuzi wa samaki." Maneno hayo yanatosha. Ukiweza, onja kidogo kwa Bismillahi, kwani huenda mazoea ndiyo yaliyokuzuia. Na kumbuka alikotoka huyo pweza. Mara nyingi ameletwa na mama aliyekwenda miambani kwa miguu wakati wa bamvua, maji yalipokupwa, akainama kutwa juani na fimbo mkononi akichokoa mashimo, naye amekuacha ule wewe kitoweo ambacho angeweza kukiuza. Lau mgeni wa Pwani angefika kwako akatengewa ugali na mlenda, akageuza uso na kuziba pua, wewe ungeyapokeaje hayo?

Nanyi wenyeji wa Pwani mnaotusikia, haki hii ina pande mbili. Mwambieni mgeni kilichomo chunguni kabla hajala, msimfiche kisha mkamcheka. Wala msimwite mshamba kwa sababu hajui kuvunja gando la kaa. Mgeni si kitu cha kuchezewa.

Kosa la tatu ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa linaondoa roho. Wako wanaodhani kwamba kwa kuwa bahari imehalalishwa, basi kila kilichomo kinaliwa. La hasha. Kilichohalalishwa kimefungwa na sharti la kutodhuru, na Mwenyezi Mungu katika Suratul-Baqara, aya ya 195, ametukataza kujitia kwa mikono yetu katika maangamizo.

Mwezi wa Machi 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watu 9 walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na 8 kati yao walikuwa watoto wadogo. Wengine 78 walilazwa hospitali. Kabla ya hapo, mwezi wa Novemba 2021, watu 7 walifariki Pemba kwa sababu hiyo hiyo, mmoja wao mtoto wa miaka mitatu. Mwenyezi Mungu awarehemu wote, na awape subira wazazi wao. Marehemu hao hawakuwa wageni wa bahari. Walizaliwa nayo na kulelewa nayo. Kasa huyu leo aweza kuliwa asidhuru, na kesho mwenziwe, kwa sura ile ile, akaua, kwa sababu ya sumu inayodhaniwa kutokana na vitu alivyokula baharini. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kukaanga, na mama aliyekula aweza kumpitishia mtoto wake katika maziwa. Wanavyuoni wamekhitalifiana juu ya kasa: Maliki wamemruhusu, na wengi katika Shafi wamemkataza. Lakini penye hofu ya kifo hapana tena nafasi ya khitilafu hiyo. Aidha sheria za Tanzania Bara na za Zanzibar zinakataza kumvua.

Kadhalika bunju, yule samaki ajivimbishaye kama mpira anapoguswa. Ini lake, mayai yake na ngozi yake vina sumu kali isiyotoka kwa moto. Midomo hufa ganzi, viungo hulegea, kisha pumzi hukatika, na dawa ya kuiondoa sumu hiyo haijapatikana. Huko Japani mpishi wake hana budi kusoma, kufanyiwa mtihani na kupewa kibali. Nasi hatuna mtihani huo, basi tumwache.

Hata samaki mwema aweza kuharibika. Jodari aliyekaa juani bila barafu huzaa sumu iwashayo mwili na kugonga kichwa, hata akipikwa vizuri. Chaza na kome wa maji machafu hubeba maradhi. Na wako watu ambao miili yao haipatani na kamba au kaa. Akila kidogo, uso huvimba na kifua hubana. Huyo asiambiwe kuwa ana jicho baya au shetani. Apelekwe hospitali mara moja, na asile tena.

Nasema kauli yangu hii, nami ninamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na kwa ajili yenu. Basi mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Msamehevu, Mwenye kurehemu.

Hotuba ya Pili

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Wake.

Enyi wazazi, mnapomfungia mtoto mizigo ya safari ya Pwani, mfungieni na wasia huu. Asikile kitu cha baharini asichokijua mpaka amewauliza watu wazima wa mahali pale jina lake, na jinsi kinavyopikwa, na kama wao wenyewe hukila. Asile kasa wala bunju, hata akiambiwa kuwa wenziwe wamekula jana. Anunue kibichi kwa mwenye barafu, na apike mpaka kiive. Auzaye naye amche Mungu, asimchanganyie mgeni kilicholala na kilichovuliwa leo kwa kuwa mgeni hajui kutazama shavu la samaki. Na mwanafunzi wetu akiulizwa hukumu asiyoijua, aseme "Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi," kisha aulize.

Ewe Mola wetu, turuzuku kilicho halali na kizuri, na utuepushe na kilicho haramu na chenye madhara. Wahifadhi wavuvi wetu walio baharini usiku na mchana, na mama zetu walio miambani. Warehemu watoto wa Pemba waliotangulia mbele ya haki, na uwafanye akiba kwa wazazi wao. Wafikishe salama wasafiri wetu, na uwarejeshe kwetu salama. Tuunganishe nyoyo zetu, watu wa mlimani na watu wa Pwani, penye sinia moja na penye safu moja ya sala. Amin.

Simamisheni sala, Mwenyezi Mungu akurehemuni.